Avoka wa Mama Yangu

Mama yangu ana watoto wanne na avoka mmoja, na avoka huyo si mimi. Nalisema mapema ili msomaji ajue anamsikiliza nani. Mimi pia ni avoka, yaani wakili. Nimeapishwa hapa Lubumbashi, nina joho jeusi lililoshonwa kwa kipimo changu, nina chumba cha kazi chenye mashine ya kupoza hewa inayonguruma vizuri umeme ukiwapo. Lakini kwa miaka mingi, kila mama yangu aliposema "avoka yangu", alikuwa anamtaja mwanamke mwingine, na mimi nilikuwa naketi pale pale nikimsikiliza.

Mji mzima ulimwita Mama Avoka. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Nilimfahamu kabla sijajua sheria ni nini. Mama alikuwa na meza ya karanga na mikate ya mafuta mbele ya lango la tribinali, mahakama ya mji, na huyu alikuwa mteja wake wa kila asubuhi. Alinunua karanga za kukaanga, akazimimina kwenye mfuko wa joho, akapanda nazo ngazi. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye kutembea vidole vikiangalia nje, na chini ya joho lile la heshima alivaa kandambili. Wanaume wenye mikoba ya ngozi walimpisha. Mama alimtazama mpaka alipoingia ndani, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nafunga karanga kwenye karatasi.

"Bijou, unaona ule mama? Banaume bote banamupishaka njia."

Nilisoma sheria kwa sababu ya maneno yale. Nilikesha na vitabu, nikala mikate iliyobaki mezani, nikafaulu, nikaapa, na siku niliyovaa joho kwa mara ya kwanza mama yangu alinishika mabega, akanigeuza mbele na nyuma, akasema joho limenikaa karibu sawa na lile la Mama Avoka. Karibu sawa. Neno hilo nililipeleka nyumbani na bado ninalo.

Baadaye nilipokuja kukaa naye benchi moja ndipo nilipoona kwamba zile karanga alizitafuna kweli, ndani ya kikao. Mpinzani akisoma vifungu vyake, yeye alitafuna polepole, macho kwenye dari, na yale maganda membamba mekundu yakimwangukia kifuani. Kile kitambaa cheupe cha shingoni, ambacho sisi wengine tulikipeleka kwa dobi, alikifua mwenyewe bombani nyuma ya jengo na kukianika juu ya kiti cha barazani. Aliazima kalamu na hakurudisha. Ana kalamu zangu nzuri tatu au nne, moja niliyopewa na mume wangu, na nilipomuuliza juu ya hiyo alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia mgonjwa anaweweseka.

"Mutoto yangu, kalamu haina mwenyewe."

Mutoto yangu. Hivyo ndivyo alivyoniita. Alininyang'anya mama, kisha akanifanya mtoto.

Kuhusu kazi yake, ukweli ni kwamba maandishi yake yalikuwa mabaya. Nimeyasoma. Mafupi, yamejaa makosa ya Kifaransa, bila kifungu hata kimoja pale ambapo mimi ningeweka kumi. Alichojua ni kitu kimoja: kumtoa jaji kwenye kiti chake. Kila kesi ya shamba, ya nyumba, ya urithi, aliomba tribinali yote ishuke hadi penyewe: jaji, karani, mawakili, pande zote mbili, wasimame kwenye lupango lenyewe, kiwanja chenye ugomvi, mbele ya majirani. Majaji walichukia safari hizo, kwa jua na kwa vumbi, lakini aliomba tena na tena mpaka wakachoka kukataa. Nilimuuliza mara moja kwa nini, nikitumaini atanipa jibu la kisheria.

"Karatasi haina haya," alisema. "Muntu iko na haya. Umupeleke tu mahali kwenye haya yake inaikala."

Nilicheka na wenzangu juu ya jibu hilo kwa wiki nzima. Halafu nikalitumia kwenye kesi yangu moja ya Kampemba, na jaji akaniuliza, "Hii si ndiyo kazi ya Mama Avoka?"

Kuna hadithi moja yake ambayo kila mtu mjini anaijua. Bwana mkubwa mmoja wa serikali, sitamtaja, alikuwa ameuza uwanja wa mpira wa shule kwa mfanyabiashara, na yule mfanyabiashara akaanza kujenga ukuta. Wazazi walimwendea Mama Avoka. Bwana mkubwa, kwa kuwa ndivyo mambo yanavyokwenda, akamtumia mbuzi nyumbani. Mbuzi mnene, mweupe, amefungwa utepe. Siku ya kikao, Mama Avoka alipanda ngazi za tribinali akimvuta yule mbuzi, akamfunga kwenye mguu wa benchi barazani, na kesi ilipoitwa akamwambia jaji kwa sauti yake ile isiyo na haraka:

"Président, kuna muntu amesahau mbuzi yake kwangu. Naona iko humu ndani. Aikamate kwanza, nasi tutaanza."

Mbuzi akalia. Watu walicheka mpaka askari wa mlangoni akatoka nje kujifuta machozi. Madereva wa teksi bado wanaisimulia, na mara mbili nimesimuliwa mimi mwenyewe, na dereva asiyejua kwamba mimi ni avoka, na kwamba katika kesi ile ile mimi ndiye niliyeandika utetezi wote wa wazazi, kurasa baada ya kurasa, kwa sababu Mama Avoka alisema hana wakati wa kuandika. Hakuna anayesimulia kurasa zangu. Na niongeze jambo ambalo madereva hawalisemi: nusu tu ya uwanja ilirudi. Nusu nyingine iko nyuma ya ukuta mpaka leo, na watoto wanacheza kwenye kipande chenye umbo la pembe tatu. Nilipomkumbusha hilo, alisema anajua, anapita pale kila Jumapili.

Hakutoa matabishi, ile hongo ndogo ndogo. Hilo lazima nilikubali, nami sipendi kukubali mambo yake. Katika jengo ambamo hata kupata namba ya kikao unaambiwa "mama, utuachie ya maji", yeye alipita mikono mitupu. Lakini alijua mtoto wa kila karani anasoma wapi, mke wa nani amejifungua, mama wa nani anaumwa mguu. Shamba lake lilikuwa Lukafu, na wakati wa mavuno alirudi na viazi vitamu vya kugawa ofisi nzima. Nilimwambia siku moja kwamba viazi navyo ni matabishi, tofauti ni kwamba vina udongo.

"Viazi nawapa kama nimeshinda, nawapa kama nimeshindwa," alisema. "Weye unapelekaka nini siku umeshindwa?"

Gunia la kwanza la viazi hivyo, kila mwaka, lilikwenda Kamalondo, kwa mama yangu. Mimi nilikuwa nampelekea mama mchele wa dukani, mfuko mweupe wenye picha. Mchele aliuweka kabatini. Viazi alivipika siku hiyo hiyo, akawaita majirani.

Kulikuwa na jambo moja aliloliuliza kila mwanamke aliyeketi mbele yake, kabla hajauliza jina: "Ndoa yako iliandikwa ku komini?" Mwanamke akisema hapana, alimgombeza kwa sauti ya kusikika barazani. Aliwaambia mume bila karatasi ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ni mpangaji, akifa ndugu zake watakuja kuchukua funguo. Karatasi haina haya, lakini karatasi hii moja aliitaka. Nimewaona wanawake wakitoka kwake wanalia, na baada ya mwezi wanarudi na waume zao wamevaa koti la harusi, wanacheka kwa aibu.

Naye mwenyewe hakuwa na ndoa. Aliishi Katuba, kwenye nyumba ya mzee mmoja fundi wa reli aliyestaafu, mtu mkimya, ambaye kila jioni alimngoja nje ya tribinali ndani ya gari bovu, redio ikiongea. Waliishi hivyo tangu mimi nikiwa msichana. Hakuna komini, hakuna mahari, hakuna padri. Niliwatembelea Jumapili moja kumpelekea dosie, faili la kesi. Dada mkubwa wa mzee alikuwa jikoni anasonga bukari, akapaza sauti, kama mtu anavyomwita wifi yake: "Semeki, chumvi uliweka wapi?" Na Mama Avoka akajibu kutoka uani, iko juu ya dirisha. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba hawakuangaliana. Tulipobaki wawili nilimuuliza, kwa furaha kidogo nisiyoificha, mbona yeye haendi komini. Alikunja uso.

"Nikimwambia twende ku komini, atafikiri namungojea akufe."

Hilo ndilo jibu pekee la kijinga nililowahi kulisikia kwake, na lilinipendeza. Nililiweka akilini kama mtu anavyoweka akiba.

Sasa nifike kwenye kesi yetu, maana bila hiyo wivu wangu utaonekana ni wa bure.

Baba alipofariki, kilio kilikuwa pale pale nyumbani, Kamalondo. Mjane mmoja mzee wa jirani alikuja, akamshika mama mkono, akamkalisha kwenye mkeka na kuketi ubavuni pake. Kwetu ndivyo inavyofanyika: mjane mpya hakai peke yake. Anakalishwa na mjane mwingine, na akishakalishwa hakuna wa kumwinua. Siku ya kumaliza kilio, ndugu wa marehemu humfunga mjane ushanga mweupe mkononi na kumwambia mbele ya watu wote maneno ya kumfungua. Mimi nilikuwa na msimamo. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nasali kwenye kanisa linalokataza mambo hayo, na zaidi nilikuwa na wasiwasi na baba mdogo, mdogo wake marehemu, mfanyabiashara wa mpakani Sakania, aliyekuwa analikagua paa la nyumba yetu wakati wengine wanalia. Nikamwambia mama: kataa ushanga, ni upagani, kusanya nguo zako uje kwangu Karavia, kuna chumba, kuna hewa, upumzike.

Mama Avoka alikuwa amekuja na kikapu cha viazi. Alinisikia. Akaja akachuchumaa mbele ya mkeka, akazungumza na mama kana kwamba mimi ni mlango.

"Usitoke humu hata siku moya. Na ushanga, uombe. Useme unaitaka mbele ya bantu bote, na shemeji yako aseme maneno yote, asiruke hata moya."

Mama aliniangalia, akamwangalia yeye. Kisha akamwambia, "Ndiyo, avoka yangu." Nilirudi Karavia peke yangu na chumba changu chenye hewa.

Ushanga ulifungwa. Baba mdogo alisimama mlangoni, majirani wamejaa uani, dada yake mkubwa pembeni, akamfunga mama uzi na kusema yale maneno, kwa sababu hata mtu mwenye mipango yake hathubutu kumdanganya ndugu yake aliyemzika juzi: "Tumekufungua. Ikala na batoto mu nyumba ya ndugu yetu. Hakuna wa kukutosha inje." Alilia aliposema. Nadhani alilia kweli.

Haukupita muda akarudi kutoka Sakania na kufuli, mafundi wawili, na karatasi. Karatasi ilisema kwamba marehemu alimpa nyumba ile yeye, mdogo wake, miaka miwili kabla ya kufa. Ilikuwa na muhuri, saini, namba, kila kitu. Mtu mmoja kwenye ofisi ya ardhi alikuwa ameifanyia kazi vizuri. Walimkuta mama amekaa mlangoni anakaanga mikate, mafuta yanachemka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumsogeza. Waliondoka wakisema tutaonana tribinali.

Nilianza kuandika utetezi siku hiyo hiyo. Nilikuwa na vifungu. Nilikuwa na hasira nzuri, ile inayosaidia kazi. Siku ya tatu Mama Avoka akanikuta barazani, akanipiga bega.

"Mutoto yangu, dosie ya mama yako niko nayo miye."

Nilimwendea mama. Sikumbuki nilisema nini, nakumbuka kwamba niliisema nikiwa nimesimama, na kwamba alinisubiri nimalize.

"Weye uko mutoto ya hii nyumba," alisema. "Wakikutukana baba yako mule ndani, utalia. Avoka hapashwe kulia."

Sababu nzuri. Hata ningeulizwa na mteja, ningempa ushauri ule ule. Lakini sababu nzuri haikunisaidia kitu. Mama yangu aliuza karanga ili niwe avoka, na siku alipohitaji avoka alimchukua mla karanga. Nilikaa kwenye kesi ya nyumba yetu upande wa watu waliokuja kusikiliza.

Mama Avoka hakubishana na ile karatasi hata kidogo. Aliomba tribinali ishuke Kamalondo. Wakaja, jaji amekunja suruali kwa ajili ya tope, karani ameshika mwavuli. Mama alitaka kuwapa maji, Mama Avoka akamkataza: asipewe mtu hata glasi. Majirani walisimama kwenye ua. Fundi wa nguo wa nyumba ya pili, Mwislamu wa watu wa Maniema ambaye alimshonea baba suti aliyozikwa nayo, alikuja na tepu yake bado shingoni. Dada mkubwa wa baba alikuja, ameshikiliwa na mjukuu.

Mama Avoka alimwomba baba mdogo asimame mlangoni. Hapo tu, alisema, hapana, kidogo kushoto, vile ulisimama siku ile. Akamwita mama asimame mbele yake, na mama akainua mkono. Ushanga ulikuwa bado mkononi.

"Papa, huu ushanga nani alifunga?"

"Miye."

"Ulipofunga, ulisema: ikala mu nyumba ya ndugu yetu. Uliisema ao haukuisema?"

Mwanasheria wa baba mdogo aliruka kupinga. Jaji alimwambia ajibu. Baba mdogo angeweza kusema hapana. Mtu aliyeweza kumtoa afisa muhuri wa uongo angeshindwaje na neno moja? Lakini alikuwa amesimama pale alipoongea na marehemu, dada yake anamtazama, na fundi wa nguo anamtazama. Alikohoa. Aliangalia paa. Dada yake mkubwa akasema kwa upole, "Sema basi, kaka. Sisi bote tulisikia."

"Nilisema," alijibu.

"Nyumba ya ndugu yenu. Haukusema: nyumba yangu."

"Sikusema yangu."

Karani aliandika. Nyumba ilibaki kwa mama na kwetu sisi watoto. Yule mtu wa ofisi ya ardhi alihamishwa meza, wanasema, na sasa anafanya kazi hiyo hiyo kwenye ghorofa ya juu. Mama alitoa nje kiti cha baba, kile cha mbao chenye mikono, ambacho sisi watoto hatukuwahi kukikalia, akamkalisha Mama Avoka akampa bukari na kitoweo. Mimi nilikula nimesimama. Nilifurahi, msinielewe vibaya. Nyumba ilikuwa imepona. Lakini nilimtazama kwenye kiti kile, anachambua samaki kwa vidole, na nilitamani, kwa dakika chache za kweli kabisa, kwamba tungeshindwa na mimi nikashinda kwenye rufaa.

Basi. Mwaka huu mzee wa reli alifariki.

Nilikuwa kwa mama Jumamosi ile. Nilisikia lango, nikamwona anaingia, bila joho, bila karanga, kitambaa cheusi kichwani, kandambili zile zile. Nilijua habari ya msiba, na kabla hajafika barazani nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Hakuna komini. Hakuna mahari. Dada za mzee wameshika nyumba. Amekuja kutafuta avoka. Nilinyoosha blauzi yangu. Nikiri kwamba nilinyoosha blauzi yangu. Nikavuta kiti, nikasema pole, Mama Avoka, karibu, kaa.

Hakukaa.

"Mama yako iko?" aliuliza.

Mama alitoka jikoni anajifuta mikono. Wale wawili walisimama wakitazamana, na yule mwanamke ambaye niliwahi kumsikia akiongea mbele ya majaji watatu bila kushusha sauti akaongea chini chini mpaka nikalazimika kusogea.

"Hawanikalishe," alisema. "Niko nje, ku kiti ya plastiki, pamoja na bageni. Bananipa chai sawa mugeni. Nimekuya kukuomba unikalishe."

Mama aliingia ndani akatoka na mkeka wake chini ya kwapa, akanielekeza jikoni kwa kidevu. Nikachukue mbabula, jiko lake la makaa. Kilio cha kweli mtu huenda na moto wake. Nikaibeba, nzito, majivu yakinichafua ile blauzi, nikaiweka kwenye gari, na njia nzima hadi Katuba wale wawili waliketi nyuma wameshikana mikono, na mimi mbele nikiendesha kama dereva wa kukodi. Hata katika shida yake hakuja kwangu. Nililifikiria hilo kwenye kila kona.

Kulikuwa na turubai uani, viti vya plastiki, watu wengi wa reli. Sebuleni dada za mzee walikuwa kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, na picha ya marehemu juu ya meza yenye kitambaa. Mama aliingia bila kubisha, akatandika mkeka wake chini ya ile picha, akamkalisha Mama Avoka, akaketi ubavuni pake. Mimi nilibaki mlangoni na mbabula.

Dada mkubwa, yule wa chumvi, aliinua kichwa.

"Na weye mama, uko nani?"

"Niko mujane. Nimekuya kukalisha mujane mwenzangu."

"Humu hakuna mujane. Huyu hakuolewa, si ku komini, si ku famille. Kama iko na maneno, aende ku tribinali, anayua njia."

"Ku tribinali tutaenda," mama alisema. "Avoka tuko naye."

Mama Avoka aliinua kidevu. Niliiona ile sura ya kwenye kikao, ikaja usoni mwake kwa mazoea, na mdomo ukafunguka. Mama akamwekea mkono gotini.

"Weye nyamaza. Leo uko mujane. Avoka yangu njo huyu."

Akanionyesha kwa mkono wenye ushanga.

Miaka yote hiyo. Na kesi yenyewe ilikuwa haina kifungu hata kimoja upande wetu. Ningeweza kuwasomea pale pale, kwa moyo, kila sheria iliyompa yule dada haki ya kuchukua funguo. Watu wa nje walikuwa wamesogea mlangoni nyuma yangu. Mama Avoka hakuniangalia. Aliangalia mikono yake mwenyewe, na mabega yake yalikuwa madogo kuliko nilivyoyajua. Nilimhurumia, na nilichukia kumhurumia.

"Mama mukubwa," nikamwambia yule dada, "miye sitakuuliza habari ya komini. Kaka yenu anatuangalia hapa. Miaka yote ukifika mu hii nyumba, huyu mama ulimwitaka nani?"

Mdogo wake alianza kusema kitu, akaacha. Yule dada aliitazama ile picha, akatazama dirisha la jikoni, akakunja ncha ya kitenge chake na kuikunjua. Nilisubiri. Nilijua kusubiri, nilikuwa nimemwona mtu akifanya hivyo.

"Semeki," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo.

Kisha akavuta miguu yake, akasogeza mkeka wake upande, ili ule wa mama yangu upate kunyooka. Mwanamke mmoja wa reli akaanza wimbo. Mama Avoka alilia kwa sauti, kama mjane, na mama yangu akamshika kichwa akakilaza begani kwake.

Nilipoinama kuwauliza kama wanahitaji kitu, mama alinivuta sikio karibu na mdomo wake. Macho yake yalikuwa na machozi ya furaha, na nilijua kabla hajasema kwamba anataka kunipa kitu kizuri kuliko vyote alivyonavyo.

"Bijou, umeongea muzuri," alininong'oneza. "Sawa yeye kabisa."

Nikanyanyua mbabula, nikaenda nyuma kuuliza makaa yanawekwa wapi.